Mazishi ya Mkono

Siku hizi vijana wa hapa Temeke wakibishana mpira, huyu ana simu, yule ana gazeti, na wote wanamtaja mchezaji aliyeko Ulaya kama waliolala naye mkeka mmoja utotoni. Siwalaumu. Sie tulibishana na kikombe cha kahawa mkononi, basi, na mtu tuliyekuwa tunambishania alikuwa amekaa palepale kwenye gogo, anatusikia. Nadhani heri yao wao. Mchezaji wao hawasikii.

Nataka niandike habari za golikipa na mkono wake, na za mjomba wangu aliyempenda. Mie shule yangu ilikuwa fupi. Darasa la kwanza nililipita, la pili likanipita lenyewe, kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo ya mpera na mie nilikuwa na miguu miepesi. Kwa hiyo ukiona nimetoka njiani usihangaike, nitarudi. Wakati ninaousema nilikuwa mtu mzima, nina mke, nauza mkaa. Nilikuwaga naushusha gunia gunia kando ya banda la mjomba, na ndiyo maana niliyasikia haya yote kwa masikio yangu.

Mjomba alikuwa fundi baiskeli. Banda lake la makuti lilikuwa kando ya njia ya kuendea Kurasini, na makuli wa bandarini walipita hapo asubuhi wakienda na jioni wakirudi. Temeke ya Mwingereza haikuwa hii. Nyumba zilikuwa za udongo, katikati mihogo na minazi, na usiku ukipiga kelele huku unaitikiwa kule. Mjomba aliziba pancha, alinyoosha rimu, na alikuwa na kazi nyingine iliyompa heshima kubwa kuliko baiskeli: aliziba mipira. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi, una mpira mwingine ndani, umefungwa kwa kamba kama kiatu. Ukipiga kichwa pale penye kamba unabaki na alama ya kamba kwenye paji la uso. Ukinyeshewa unakuwa mzito kama kiroba cha mchanga. Timu zote za huku zilileta mipira kwake, na hata mwalimu wa timu ya Tanganyika alimletea, kwa sababu kiraka cha mjomba kilikuwa hakitoki.

Golikipa alikuwa Mnyamwezi, mtu wa Tabora, kuli pale bandarini. Mrefu, mpole, na viganja vyake ukimpa papai zima linapotea. Ndiye aliyekuwa golikipa wa Tanganyika. Mjomba alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Vijana siku hizi utani wanaujua wa timu na timu tu. Ule wetu ulikuwa sheria. Mtani anakutukana, hukasiriki. Anaingia kwako, anachukua sufuria lenye ubwabwa jikoni, huna pa kushitaki. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja kuharibu kilio chako: anaiga mwendo wako, anasimama mlangoni anasema maiti haitoki mpaka apewe chake, na watu waliokuwa wanalia wanacheka huku machozi bado yanatoka. Mazishi yasiyokuwa na mtani yalikuwa mazishi ya mgeni.

Hawa wawili walikuwa watani wa kila siku. Golikipa hakuwahi kupita banda lile bila kusimama.

"Mpagazi," mjomba angesema bila kuinua macho kwenye gurudumu, "mbona leo bega jeupe? Mzigo umeuza njiani?"

"Nimeuacha kwa dada yako, anaupepeta."

"Dada yangu hapepeti vya wapagazi."

"Basi analala chini ya mnazi, anangoja nazi idondoke. Si Mzaramo yule?"

Kisha angeinyakua kofia ya mjomba kichwani, kofia ya viua iliyoshonwa na mke wa mjomba kwa mkono, angeivaa yeye, kichwa chake kikubwa, imekaa juu kama kifuniko cha mtungi, na angeondoka nayo. Mjomba anabaki kipara wazi anatukana mpaka jamaa anapotea. Mkazamjomba alikuwa anajua. Jioni anatuma mtu kuichukua, au hatumi mtu, anaanza kushona nyingine. Sijui alishona kofia ngapi kwa ajili ya utani ule. Alikuwa analalamika, lakini nilikuwa nikimwona anavyolalamika, uso umekunjuka.

Sasa mwaka ule kombe la nchi nne, sie, Kenya, Uganda na Unguja, lilikuwa linachezwa hapahapa kwetu. Pale bandani hapakuwa na maneno mengine. Aliyekuwa akipinga sana ni karani mmoja wa reli, Mchaga, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata Jumapili. Alikuwa anakuja kujazwa upepo kwenye baiskeli ambayo haikupungua upepo. Alitaka mabishano.

"Timu yenu ni ya treni," karani alisema. "Huyu anatoka Tanga, huyu Tabora, huyu Moshi. Wanakutana stesheni, wanaulizana majina, kesho yake wanavaa jezi. Waganda wale wanacheza pamoja mwaka mzima."

"Na wewe ulikuja kwa treni," mjomba akamwambia. "Mbona kazi unafanya?"

"Nafanya. Lakini miezi ya kwanza nilikuwa napeleka mizigo ya watu Kigoma badala ya Morogoro."

Muuza kahawa alikuwa mtu wa Unguja kwa upande wa mama, akaingilia. "Unguja mnawasahau. Wale wanacheza polepole kama wanapiga taarabu."

"Taarabu haifungi bao," karani akamjibu.

"Inakulaza. Ukiamka bao liko ndani."

Wakacheka. Mjomba akaweka spana chini, na akiweka spana chini ujue anataka kusema. "Nyie mnahesabu miguu. Mwenye njumu, asiye na njumu, mrefu, mfupi. Mie nahesabu mikono. Mwenye mikono ile hafungwi. Tusipofungwa hatushindwi. Hesabu gani nyingine mnataka?"

"Hapo mmembebesha mtu mmoja timu nzima," karani akasema.

"Si mpagazi? Kubeba ndiyo kazi ya babu yake."

Golikipa alikuwa kwenye gogo, anakunywa kahawa. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hilo nimeliona. Wakati ule mzigo haujawa mzito.

Nitoke njiani kidogo. Kabla ya mwaka ule sikuwahi kumsikia mjomba akisema "sie Watanganyika." Alikuwa anasema sie Wazaramo, sie wa Temeke, sie Waislamu. Tanganyika ilikuwa neno la serikali, lilikaa kwenye stempu na kwenye kodi. Lakini kombe lilipokuja nikamsikia, "Sie Watanganyika Mganda hatuwezi," na alikuwa ananyoosha kidole kwa Mnyamwezi aliyemwita mtumwa wake asubuhi ileile. Baadaye chama kilipokuja na mikutano na kadi, wengi walijifunza neno lile huko. Mjomba alilijifunza kwenye viganja vya yule bwana.

Mechi ya kwanza tulicheza na Kenya, tukatoka sare, hakuna bao, na golikipa alidaka mipira ambayo hata Wakenya waliipigia makofi. Mjomba alirudi hana sauti. Iliyobaki kubwa ilikuwa ya Uganda.

Siku mbili kabla ya Uganda, jioni, golikipa akaja. Hakuja na baiskeli, alikuwa anatembea, na mkono wa kulia ameuingiza ndani ya shati kama mtu anayesikia baridi. Kilichomkuta tulikijua baadaye: wanapakia marobota ya mkonge kutoka kwenye tishali, ile boti bapa ya mizigo, kwenda melini, mnyororo ukateleza, robota likaubana mkono wake kwenye ubavu wa tishali. Damu haikutoka hata tone. Kama ingetoka, nisingekuwa naandika haya.

Alisimama mbele ya banda. Hakumtukana mjomba, wala kofia hakuigusa.

"Mtani," akasema, "leo si utani. Mkono umekufa."

Hapo inabidi nieleze, maana ndipo penye kiini cha yote. Maneno hayo, "leo si utani," ndiyo kila mtani huanzia. Huwezi kumshika mtani mwenzio bila kumwambia kwanza leo si utani. Ramadhani iliyopita mjomba mwenyewe alimwendea golikipa chumbani kwake, uso umemshuka, akamwambia, "Mtani, leo si utani, mke amenifukuza." Golikipa wa watu akampa kitanda, yeye akalala chini. Mjomba akakilalia kitanda kile siku tatu, anapelekewa futari na mke huyohuyo aliyesemekana amemfukuza, kwa mlango wa nyuma. Temeke nzima ilicheka. Kwa hiyo maneno yale walikuwa wameshayatumia mpaka yamekwisha, kama betri. Na siku mmoja wao alipoyahitaji, hakuwa na mengine.

Mjomba alimtazama, uso ukaanza kuchanua. Aliona deni la kitanda linakuja kulipwa.

"Umekufa?" akauliza. "Inna lillahi. Umekufa saa ngapi?"

"Mchana. Mtani, nisikilize."

"Mmeshauosha?"

"Nisikilize. Nataka twende wote kwa mwalimu wa timu. Wewe anakusikia, mipira yake iko kwako. Nikienda peke yangu watasema nimewaogopa Waganda."

"Maiti haiendi kwa mwalimu," mjomba akasema. "Maiti inazikwa. Jamani, simameni, tuna msiba."

Watu wakasimama. Nani asingesimama? Mjomba akachukua kitambaa chake cha kufutia grisi, cha marekani, kilikuwa cheupe zamani, akautoa ule mkono ndani ya shati, akauvingirisha kama anavyovingirisha tyubu, na akakaza fundo. Golikipa aliuma meno. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Anajua kuigiza huyu." Muuza kahawa akawa anagonga vikombe vyake, taratibu, kama ngoma ya matanga.

Mjomba akahutubia. "Marehemu alikuwa mkono mzuri. Ameiba kofia zangu nyingi, namsamehe. Hanidai ila kitanda. Ameacha mjane, naye ni mkono wa kushoto. Anayetaka kumwoa aje aseme."

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata sasa nikiyaandika maneno yale naona yalikuwa mazuri. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba yalikuwa mazuri.

Karani peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika baiskeli yake, akasema, "Lakini mbona jasho linamtoka?"

"Karani," mjomba akamwambia, "haya ni ya watani. Wewe mtani wako Mpare. Kamtafute ukamzike."

Karani akainama akabonyeza tairi lake. Na kwa sheria zetu mjomba alikuwa na haki. Mtu wa nje haingii kwenye utani usio wake. Karani aliona kwa sababu alikuwa nje, na kwa sababu hiyohiyo hakuweza kusema.

Golikipa mwenyewe akacheka mwisho, kicheko kidogo, cha mtu aliyegonga mlango akagundua hakuna mtu ndani. Akasema, "Haya, mtani." Akaondoka na kitambaa mkononi. Mjomba alimpigia kelele kwa nyuma, "Arubaini usikose!" Yeye hakugeuka.

Kwa nini hakwenda kwa mwalimu peke yake? Nimejiuliza sana. Watu walikuwa wanamsimamisha njiani wanamshika mikono, wanaibusu. Wanawake wa sokoni walimpa machungwa. Kila mtu aliyempita alimwambia tunakutegemea. Mtu anayeambiwa hivyo kuanzia nyumbani mpaka bandarini atapata wapi mdomo wa kusema siwezi? Alikuwa amechagua mtu mmoja wa kumsaidia kusema, akamchagua aliyempenda, na aliyempenda alikuwa mtani.

Siku ya mechi ilinyesha asubuhi. Tulikwenda uwanjani Ilala kwa miguu, mjomba mbele, mie na karani nyuma, muuza kahawa na buli lake kwa sababu watu wanakunywa hata timu ikifungwa. Tulipata nafasi karibu na goli letu. Timu ilipotoka, mjomba akanipiga kiwiko.

"Muangalie yule mshenzi," akasema, meno yote nje. "Amekivaa."

Kweli. Kitambaa cha marekani kilikuwa mkononi mwa golikipa, kimeuzunguka mkono wote, amekikaza kwenye vidole viwili vya mwisho, na madoa ya grisi tuliyaona kutoka pale. Mjomba alifurahi kupita kiasi. Aliona mwenzake anaendeleza mchezo mbele ya watu wote, mbele ya wakubwa na Waganda, kwa ajili yake tu. Aliwaeleza watu asiowajua, "Ile sanda yangu mie. Nimemzika juzi." Kisha akapaza sauti: "Marehemu! Umefufuka?"

Golikipa alitazama upande wetu. Alituona. Hakutikisa kichwa wala hakutabasamu, akageuka akaenda golini.

Kipindi cha kwanza alikuwa anapiga ngumi mipira kwa mkono wa kushoto, na watu wakasema ni maringo. Mmoja aliupiga mbali kabisa, uwanja ukashangilia. Nikamgeukia karani. Nikamwona anaangalia kitu kimoja tu, na si mpira.

Bao lilikuja baada ya mapumziko. Mganda mmoja mfupi, hana njumu, miguu mitupu, akapiga shuti la kawaida. La kawaida kabisa. Lilikwenda kulia. Golikipa aliliwahi, alikuwa pale mapema, akaweka mikono miwili, na mpira ule mzito wa maji ukapita katika mikono yake kama umefunguliwa mlango. Alibaki amepiga magoti, mkono ameubana kifuani.

Mjomba bado alikuwa na tabasamu, hajaliondoa. "Mpagazi, umetua mzigo," akasema, lakini kwa sauti ndogo, kama anajaribu. Hakuna aliyecheka. Nyuma yetu wakaanza: "Amehongwa huyo. Mnyamwezi amehongwa." Bao la pili likaingia upande uleule, na wakaanza kumtupia maganda ya machungwa. Nadhani yalikuwa machungwa yaleyale ya sokoni.

Mechi ilipokwisha mwalimu wa timu akaingia uwanjani, akakifungua kile kitambaa. Tulikuwa karibu. Mkono haukuwa na umbo la mkono. Ulikuwa mweusi kama umechovywa wino, na vidole viwili vilikuwa vimelala upande usio wao. Mwalimu akarudi nyuma hatua moja. Kitambaa kikaanguka kwenye tope.

Mjomba aliruka kamba akakiokota. Sijui alitaka kufanya nini nacho. Alisimama ameshika kitambaa chake mwenyewe, na golikipa akapita mbele yake akipelekwa kwenye gari, na mjomba akasema, "Mtani." Mara moja tu. Yule akapita.

Hospitali walimnyoosha walivyoweza. Vidole vilibaki vimekunjwa, kiganja hakikufunguka tena. Kuli wa mkono mmoja hana kazi, lakini walimwonea huruma wakampa ulinzi wa ghala, palepale Kurasini. Mpira hakuugusa tena. Maneno ya kuhongwa yalikufa mkono ulipoonekana, lakini hakuna aliyekwenda kumwambia kwamba yamekufa.

Golikipa alipotoka hospitali, mjomba alikwenda kwake na jogoo. Alikaa muda mfupi. Aliporudi akakaa kwenye gogo, si kwenye kigoda chake, kwenye gogo la wateja.

"Kaniamkia," akaniambia.

"Nani?"

"Kaniamkia. Shikamoo mzee. Akanipa kiti. Akashukuru kwa jogoo."

"Si vizuri, mjomba? Hakukasirika."

Alinitazama kama mtoto asiyejua kitu. Walikuwa karibu rika moja wale, mjomba kamzidi miaka michache tu, na miaka yote hiyo hawakuwahi kuamkiana. Mtani haamkiwi. Mtani anatukanwa. Shikamoo ile ilikuwa ya adabu, ya mtu na mzee wake wa mtaani, haina kosa lolote, na mjomba alikuwa ameipokea kama amepigwa kofi.

Tangu hapo golikipa alikuwa anapita mbele ya banda kila siku, anasimama, anaamkia, anauliza hali ya nyumbani, anaondoka. Mjomba alijaribu kila njia. Alimwita mpagazi, akajibiwa "Ndiyo mzee." Aliiba baiskeli yake mchana, akaificha nyuma ya banda, akakaa anangoja matusi. Golikipa alipoambiwa akasema, "Aitumie tu mzee, ikimfaa." Mjomba akairudisha mwenyewe, imepakwa mafuta, mnyororo mpya, breki mpya. Kila alipokuja kuamkia, mjomba alikuwa anainamisha kichwa mbele yake, anajifanya anatafuta skrubu chini, ili kofia iwe karibu. Mie nilikuwa nageukia magunia yangu. Nilikuwa siwezi kutazama mtu mzima anainamisha kichwa aibiwe kofia, na haibiwi.

Golikipa alikuwa ananunua mkaa kwangu. Siku moja nikamwuliza, kwa upole, kama anamchukia mjomba wangu.

"Simchukii," akasema. Alikuwa anabana gunia kwa kiwiko, mkono wa kushoto anafunga kamba, ameshazoea. "Mjomba wako mtu mwema. Lakini siku ile nilimwambia leo si utani. Nikirudi kwenye utani, halafu siku nyingine nikapatwa na jambo, nitamwambia neno gani?"

Nikamsaidia kulinyanyua gunia. Nimezeeka, bado nalitafuta neno hilo. Mjomba sikumwambia. Niliona ningempa jiwe la kulalia.

Kombe liliendelea, mwaka mmoja Kampala, mwaka mwingine Nairobi, na karani alikuwa anakuja na habari. Sasa yeye ndiye alikuwa anajaribu kumchokoza mjomba. "Fundi, mwaka huu unasemaje, tunao?" Mjomba anaziba pancha yake, anasema, "Tutaona." Karani akawa anapunguza kuja, maana baiskeli isiyopungua upepo ilikuwa haina sababu tena.

Mjomba alikufa kabla bendera haijabadilishwa, kwa kifua. Mwisho mwisho alikuwa anamwambia mkewe, "Yule atakuja. Nikifa atakuja, utaona. Hawezi kukosa. Atasimama mlangoni atawazuia." Alikuwa analisema kwa furaha, kama mtu anayengoja mgeni wa sikukuu. Na mkazamjomba akaniambia kofia ya mwisho aliyoshona, viua vidogovidogo, asiiondoe mtu msumarini.

Alikuja. Alikuja mapema kuliko ndugu wa Kisarawe. Watu walipomwona anaingia uani wakageuka wote, wanawake wakapunguza sauti, na niliona wazee wameshaweka kicheko karibu, tayari, mdomoni. Hata mie. Tulikuwa tunangoja asimame mlangoni.

Alikaa kwenye mkeka na wanaume wengine. Alishika jeneza kwa bega, zamu yake ilipofika. Kaburini alitupa mchanga kwa mkono ule uliokunjwa, akasema, "Mungu amrehemu." Hakuna aliyeiga mwendo wa mjomba, ambaye alikuwa na mwendo wa kuigwa, mguu mmoja nje kama bata. Tukamzika kwa adabu kabisa, kama mgeni.

Tuliporudi akaja kuaga. Mkazamjomba alikuwa amekaa mlangoni, kaniki kichwani, macho yamevimba. Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na ile kofia. Hakumpa. Aliishika juu, karibu na kichwa chake mwenyewe, pale ambapo ni rahisi kunyakuliwa.

"We mpagazi," akasema, sauti inakatika. "Unaondoka mikono mitupu? Tangu lini?"

Yule bwana alisimama, na mdomo wake niliuona unacheza, upande mmoja. Nikasema moyoni, haya, sasa.

Akanyoosha mikono yote miwili, ule mzima juu, ule uliokunjwa chini yake, akaipokea kofia.

"Ahsante, mama," akasema. "Mungu awape subira."

Akatoka. Nilitoka nyuma yake mpaka barabarani, nikasimama penye banda, ambalo lilikuwa limefungwa. Alikuwa anatembea kuelekea Kurasini, kofia ameishika kifuani. Nilimtazama mpaka alipofika kwenye duka la Mhindi na kukata kona. Nilikuwa nangoja aivae. Hakuivaa.